Paka wa Mama na Minazi ya Baba

Samaki alipoletwa nyumbani kwetu, wa kwanza kula alikuwa paka.

Aliyeleta samaki ni mpwa wa baba, mtoto wa dada yake mkubwa ambaye alikwisha kufariki. Alikuwa mvuvi wa Msambweni, mtu mzima mwenye watoto wake, mpole wa maneno. Kila alipopata tasi au changu wazuri alipita kwetu na utungo mkononi. Alipiga hodi kwa adabu, akasema shikamoo mjomba, shikamoo mkaza mjomba, akaketi kidogo ukumbini, akauliza miguu ya mjomba inaendeleaje, kisha akaenda zake. Mama alimsindikiza mpaka nje, akamwombea baraka na maisha marefu, akasimama kumtazama mpaka alipopotelea kwenye minazi. Hapo ndipo aliporudi jikoni, akakata kipande cha mkia, akakichemsha, akamwita paka.

Tulikaa pale, mama, mimi na wadogo zangu wawili, tukimtazama mnyama anavyokula. Akijilamba na kujinyoosha, mama aliweka chungu motoni. Akikataa kula, na paka wana siku zao za kukataa, samaki wote walifukiwa chini ya mgomba, tukala mchicha.

"Watu watasema nini, mama?" nilimwuliza siku moja.

"Watasema tunampenda paka wetu."

Mama yangu hakuwa mwendawazimu. Asiyejua mirathi ya kwetu atamwona hivyo, kwa hiyo afadhali nieleze. Sisi Wadigo, tangu enzi za mababu, mwanamume akifa mali yake haikwenda kwa watoto aliowazaa. Ilikwenda kwa watoto wa dada yake, yaani upande wa kuukeni, kwa sababu mtoto alihesabiwa ni wa jamaa za mama yake. Dini inasema vingine, na watu wetu ni Waislamu, wanasali na kufunga. Lakini jambo likifika kwenye minazi, wengi walimkumbuka bibi yao mzaa mama kabla ya kukumbuka kitabu.

Baba alikuwa mkwezi. Minazi yake aliipanda kwa mikono yake mwenyewe, ndani kidogo ukitoka barabara ya Msambweni, akaimwagilia kwa vibuyu mpaka ikajiweza. Katika miaka ninayoisema, miaka ya hamsini, miguu ilikuwa imemvimba hata hawezi kupanda mti tena. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, na binti yangu mgongoni, nikishona makuti ya kuuza. Watu wengi walinunua, hata Wazungu waliokuwa wakijenga hoteli zao kule Diani. Makuti yalitoka kwenye minazi ile, na nazi za kupikia na nyumba tuliyolala vilikuwa humo humo. Baba akifumba macho, yule mpwa mpole angeweza kuja siku ya arubaini na kutuambia, bila kukosea adabu hata kidogo, ahsanteni kwa kunitunzia, sasa nendeni kwa jamaa za mama yenu. Na hakuna mzee ambaye angemlaumu.

Ndiyo maana paka alikula kwanza. Mtu anayekuletea samaki huku anangoja ufe, utamwaminije? Nami nilimshuku sana. Nilishuku hata adabu yake. Alipotazama juu nilijua anahesabu nazi, na alipotazama chini nilijua anapima kiwanja. Siku moja alimbeba binti yangu akamchezesha, nikamnyang'anya nikisema mtoto ana homa. Hakuwa na homa.

Basi ikaja habari kwamba mambo yetu yanajadiliwa Nairobi.

Mwalimu mmoja wa skuli alikuwa akipata gazeti kutoka Mombasa, likiwa limechakaa kwa kupitia mikono mingi, naye aliwasomea watu kwenye baraza ya duka. Alisema katika Baraza la Kutunga Sheria wameketi waheshimiwa wakajadiliana juu ya wenyeji wa pwani ya kusini. Wamezungumza juu ya maji, juu ya hospitali, juu ya barabara ya Vanga inayomeza magari wakati wa mvua, kisha wakafika kwenye mirathi. Mheshimiwa mmoja alisema mila ya kuukeni inawafanya watu wavivu, kwa sababu nani atapanda mnazi amwachie mpwa? Mwingine akasimama akasema wenyeji waachiwe mila zao. Walibishana mpaka wakati wa chakula.

"Yule wa kwanza amewahi kufika huku?" baba aliuliza alipoletewa habari.

"Hapana."

"Na yule wa pili?"

"Naye hapana."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alisema yeye amepanda minazi yake yote akijua itakwenda kwa mpwa, na mvivu ni huyo aliyeshindwa kupanda gari akaja kuona. Baadaye akaniambia taratibu, "Mzungu haulizi bure, mwanangu. Akikuuliza una minazi mingapi, mwambie Mungu ndiye anayejua."

Haikuwa hofu ya baba peke yake. Huko bara kulikuwa na Hali ya Hatari, watu wakikamatwa na kupelekwa tusikokujua, na habari zilitufikia nusu nusu pamoja na malori yaliyotoka kwenye kambi ya wafungwa ya Mackinnon Road. Mtu yeyote mwenye kalamu alitiliwa shaka. Alipokuja bwana wa afya kupima visima, wanawake walisema anatia dawa ya kuzuia uzazi. Alipokuja mwingine kutazama minazi yenye ugonjwa, wazee walisema anachagua ya kuchukua. Siwacheki. Mara nyingi waliokuja kututazama waliondoka na kitu.

Lakini mama aliipenda habari ile ya Nairobi. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inataka kitu alichokitaka yeye. Alianza kuuliza kila aliyepita, gazeti limesema nini? Na kwa vile alikitaka sana, alikishuku vilevile. "Wanataka watoto warithi," alisema, "ili kesho wawadanganye watoto. Mpwa ni mtu mzima, si rahisi kumdanganya."

Haukupita muda mrefu, tukatangaziwa baraza. Mheshimiwa mmoja wa Nairobi anakuja kuwasikiliza wenyeji wenyewe, na wanaume wote wafike. Wanawake hatukutajwa, kwa hiyo tulikwenda. Tuliketi nyuma kwenye mikeka yetu, karibu na ua, tukiwa na watoto na maneno yetu.

Mheshimiwa alikuwa Mzungu mrefu, soksi zimefika magotini, uso mwekundu kwa jua la kwetu. Kando yake alikaa Bwana DC, na mkalimani kijana kutoka Mombasa aliyevaa viatu vinavyong'aa. Mbele kabisa waliketi wazee, na katikati yao mwalimu wetu wa chuo, aliyewasomesha Kurani karibu wanaume wote waliokuwa pale. Ninamtaja kwa sababu maalumu.

"Mheshimiwa anawasalimu," mkalimani alisema. "Anasema huko Nairobi mambo yenu yamejadiliwa kwa kirefu. Sasa anataka kusikia kwenu."

Mzee mmoja akasimama. "Tunashukuru. Maji je?"

"Maji yatajadiliwa siku nyingine."

"Nyani je? Wanatumalizia mahindi, na nguruwe mwitu wanamalizia mihogo."

Mkalimani aliinama akamweleza Mzungu, Mzungu akamgeukia Bwana DC, wakanong'ona. "Nyani," mkalimani alisema, "hawakutajwa Nairobi."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Kisha likaja lile lililomleta. Je, wenyeji wanataka mali ya marehemu ifuate sharia ya dini, iende kwa watoto, au ifuate mila ya kuukeni, iende kwa wapwa? Wanaotaka sharia ya dini wainue mikono.

Mwalimu wa chuo aligeuka polepole akawatazama wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye ndevu. Mkono mmoja ukapanda, mwingine, kisha yote. Sikuona mkono uliobaki chini. Mama naye aliinua wake kule nyuma, na mkalimani akampungia aushushe. Hakuushusha mpaka wanaume waliposhusha yao.

Mheshimiwa alifurahi sana. Alisema atarudi kuwaambia wenzake kwamba watu wa hapa wana sauti moja. Akapanda gari, vumbi likatufunika.

Mimi sikufurahi hata kidogo, kwa sababu niliona mkono wa mpwa wa baba. Ulikuwa juu kama mingine, umenyooka. Nilimgusa mama. "Umemwona?"

"Nimemwona," mama alisema. "Anatulaza usingizi huyo."

Miaka mingi imepita na sasa nadhani naelewa kilichotokea siku ile, jambo ambalo lingeweza kuwapata watu wa kwetu tu. Kila mwanamume pale alikuwa baba nyumbani kwake, na alikuwa mpwa kwa mjomba wake. Kama baba, aliinua mkono kwa moyo wake wote. Kama mpwa, alikuwa na mjomba mwenye minazi mahali fulani, Kinondo au Lunga Lunga, na hakuwa na nia ya kuiacha. Aliyekuja kutusikiliza aliwauliza akina baba, wakamjibu. Angeuliza wapwa, wangemjibu kinyume chake, watu wale wale, na mikono ile ile.

Tuliporudi tulifuatana na mjomba wangu, kaka yake mama. Yeye alikaa upande wa Diani, ana shamba zuri na binti mmoja tu, rika langu. Alikuwa mcheshi, mama akimpenda kupita kiasi.

"Nimeuona mkono wako, kaka," mama alimwambia kwa utani.

"Ningefanyaje, na mwalimu ananikodolea macho? Usihofu, dada. Minazi yangu ni ya wanao. Hilo halina Nairobi."

"Najua," mama alisema, akacheka, akampangusa vumbi begani. Nilikuwa nyuma yao na mtoto mgongoni, nikayasikia maneno hayo, wala sikuyaona kuwa ni kitu.

Baba hakungoja Nairobi. Palikuwa na njia nyingine ya zamani, ngumu lakini ilikubalika. Mtu aliweza kuwapa watoto wake mali angali hai, mradi awaite jamaa za kuukeni, awatangazie mbele ya mashahidi, na awapikie. Wakila chakula kile, wamekubali, na aliyekula hawezi kurudi kudai. Wasipokula, hata mmoja akisukuma sahani, kutoa kwenyewe kumekufa na maneno yote ni upepo. Jamaa wa kuukeni waliobaki kwa baba walikuwa wachache na wazee. Mwenye neno alikuwa mmoja, yule mvuvi.

Tulichinja mbuzi. Mama alipika wali wa nazi na mchuzi, nami nilisaga viungo. Nilikuwa na uchungu. Kwamba maisha ya watu watano yanangoja mtu mmoja atie tonge kinywani! Niliogopa hatakuja, kisha nikaogopa atakuja.

Alikuja baada ya sala ya adhuhuri, amevaa kanzu safi, hana samaki. Baba alisaidiwa kuketi akasema maneno yake mafupi, kwamba minazi hii na kiwanja hiki anawapa watoto wake, mimi nikiwemo, na mama yao akae humo mpaka mwisho wake. Sinia ikawekwa. Wazee walinawa mikono, wakangoja. Mpwa naye alinawa, akangoja zaidi yao. Mama alisimama mlangoni mwa jiko, leso ameibana kwa meno.

Mpwa akatazama huku na huku. Paka wetu alikuwa amelala chini ya kitanda cha kamba, kama kawaida yake palipo na nyama. Mpwa akachukua pande la nyama, akaliinua watu wote walione, akamtupia.

"Mkaza mjomba," alisema, "si ndivyo? Paka kwanza."

Sijawahi kuona uso wa mama ukibadilika vile. Nilitamani ardhi inimeze na sufuria zangu. Baba alifumba macho. Paka alikula, akajilamba, akaomba zaidi.

"Tangu lini umejua?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu mwanzo. Nilipita nyuma siku moja nikawaona mmemzunguka." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Sikuchukia. Mimi nina watoto wanne, mkaza mjomba. Mpwa wangu anakaa Vanga. Kila akija ananiletea kaa, wanono wa kwenye mikoko, ananiuliza kifua changu kinaendeleaje. Nami nina paka."

Kisha akasema Bismillahi, akafinyanga tonge kubwa, akala. Alikula kwa njaa, akaomba mchuzi mara mbili. Mama alikwenda nyuma ya jiko akalia, nami nikamfuata nikalia naye, kwa furaha na kwa aibu, na sikuweza kujua kipi ni kipi.

Baba alifariki kabla ya mvua za masika. Mpwa wake alimshusha kaburini, na siku ya arubaini alituletea samaki, tukampika papo hapo, paka akapata miiba kama paka wengine. Minazi ikabaki kwetu. Habari za Nairobi zilikuja baadaye, mwalimu wa skuli akatusomea kwamba mheshimiwa alisimama akasema watu wa Kwale wana sauti moja, mwingine akasema hapana, alivyosikia yeye ni kinyume, na jambo lenyewe likapelekwa kwenye kamati ikalitazame zaidi. Juu ya maji waliafikiana kwamba ni muhimu.

Nadhani ingekuwa hadithi nzuri kama ingeishia hapo. Lakini mjomba, yule mcheshi wa Diani, aliugua. Tumbo lilimjaa maji, akawa halali ila ameegemezwa kwa mito. Mama akaanza safari za kwenda kumjulia hali. Alikwenda mara kwa mara, na kila alipokwenda alibeba kitu. Mara moja nilimsindikiza, kikapu kichwani mwangu. Ndani mlikuwa na changu wawili wakubwa, aliowanunua asubuhi ile kwa yule yule mvuvi wetu.

Njiani mama alinieleza kwamba wadogo zangu wameanza kukua na watahitaji mahali. Alisema shamba la kaka yake lina udongo mzuri kuliko letu.

"Na binti yake je?" niliuliza.

"Binti yake ana jamaa za mama yake."

Alilisema vizuri tu, bila ubaya, huku akiruka tope. Nikautazama mgongo wake. Huyu ndiye aliyeinua mkono nyuma ya baraza, akakataa kuushusha.

Binti wa mjomba alitupokea mlangoni na mtoto kiunoni. Alikuwa amekonda. "Shikamoo shangazi," alimwambia mama, akambusu mkono, akatukaribisha, akapokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru na kutuombea heri. Mama akaingia ndani kwa kaka yake, na mara tukasikia wanacheka, mjomba akilalamika kwamba uji anaopewa ni wa vifaranga.

Mimi nilipita jikoni kumsaidia yule binti. Hakunisikia nikija, au alinisikia akachoka kujificha. Alikuwa ameinama juu ya ubao, anakata mkia wa changu. Alikitia kipande kwenye kisufuria kidogo, akachochea moto, na kilipoiva akakiweka chini akakipuliza kipoe. Paka wao mwekundu akaja anasugua miguu.

Akainua macho akaniona. Tulitazamana. Hakuficha kisu wala hakujitetea, nami nilijua anachokiona kwangu, kwa sababu nilikuwa nimekitazama kwa mpwa wa baba siku zote zile: adabu, na samaki.

"Baba anataka kupika," aliniambia polepole, ili ndani wasisikie. "Anataka awaite kuukeni kwake, anipe mimi. Lakini anaogopa." Akakigusa kipande kwa kidole. "Wewe unamjua. Shangazi atakula?"

Huko ndani mama alicheka tena, kicheko chake kizuri cha kumfurahisha mgonjwa. Nilitaka kumwambia ndiyo. Lakini nilimjua mama yangu. Nikachuchumaa kando yake pale jikoni, nikampokea mtoto, tukakaa wawili tukimsubiri paka amalize.